SOMO LETU: Uhandisi wa kibiolojia, kazi inayoanzia bondeni kwetu

Wengi mnaopenda sayansi mnauliza: "Nikipenda Baiolojia, ni lazima niwe daktari au mwalimu?" Jibu ni hapana. Leo tujifunze kazi nyingine, na njia ya kuifikia hadi shahada ya uzamili, yaani masta.

UHANDISI WA KIBIOLOJIA NI NINI?

Mhandisi wa barabara anatumia mawe, lami na hesabu. Mhandisi wa kibiolojia naye anatumia hesabu, lakini vifaa vyake ni viumbe hai: seli, chembe za urithi (jeni), bakteria, vimelea, hata mbu. Anachukua anachojua kuhusu kiumbe, kisha anabuni kitu cha kutatua shida: chanjo, kipimo, mtego au dawa.

Usidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Ukiwa Sanje, chini ya milima ya Udzungwa, panda gari la Ifakara. Huko utafiti wa magonjwa ulianza 1949, alipofika mwanasayansi Mswisi, Rudolf Geigy. Maabara ilijengwa 1957, na leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara.

TUANGALIE MIFANO MINNE

1. Chanjo ya Idete. Miaka ya mwanzo ya 1990, watoto wa kijiji cha Idete walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa Kolombia. Matokeo ya 1994 yalionyesha kuwa ilipunguza malaria kwa asilimia 31. Watu walifurahi. Lakini ilipojaribiwa Gambia na Thailand haikufaa, ikaachwa. Je, kazi ilipotea bure? Hapana. Kujua kwamba kitu hakifanyi kazi nako ni kujua, na chanjo zilizofuata zilijaribiwa na watu waliokwisha pata uzoefu.

2. Vyandarua. Kuanzia 1997, vyandarua vyenye dawa viliuzwa kwa bei nafuu wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu. Taarifa ya 2001 ilionyesha kwamba uwezekano wa mtoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 kubaki hai uliongezeka kwa asilimia 27. Hapa sayansi ilikwenda pamoja na duka la kijijini!

3. Mikanda ya katani. Mbu naye hajalala. Aina iitwayo Anopheles funestus imezoea dawa za vyandarua, na utafiti wa 2017 ulionyesha kuwa ndiyo inayoeneza zaidi ya asilimia 80 ya malaria katika baadhi ya vijiji vya bonde hili. Watafiti wa Ifakara wakajiuliza: mbu anaingia wapi? Mara nyingi anapita kwenye uwazi kati ya ukuta na paa. Basi wakabuni mikanda ya gunia la katani iliyotiwa dawa ya kufukuza mbu, ikazungushwa pale pale. Ni kitu rahisi, lakini huwezi kukibuni kama hujui tabia za mbu.

4. Mbu waliobadilishwa jeni. Desemba 2025 watafiti wa Ifakara na wenzao wa Uingereza walitangaza kwamba, katika maabara ya Bagamoyo, wametengeneza mbu ambaye vimelea vya malaria vinashindwa kukua vizuri ndani yake. Kinga hiyo inatokana na protini mbili ndogo: moja ya asili ya chura, nyingine ya asili ya sumu ya nyuki. Wakati matokeo yanatangazwa, mbu hao walikuwa ndani ya maabara tu, hawajaachiwa nje.

HAPA NDIPO PENYE KAZI YAKO

Siku moja huenda mkutano wa kijiji ukaulizwa: "Je, mnakubali mbu hawa waachiwe hapa?" Wazee watataka kujua: watadhuru samaki? Popo? Watoto? Wakikosea, hasara ni yetu. Wakikataa kitu kizuri kwa kukosa maelezo, hasara pia ni yetu, maana malaria bado inaua. Anatakiwa mtu anayeijua jeni na anayeujua mto Kilombero, awezaye kusema kwa Kiswahili kinachoeleweka, na awezaye pia kuwaambia watafiti: "Hapa bado, rudini mkapime tena." Mtu huyo mbona asiwe wewe?

NJIA YA KUPITA

• Kidato cha I–IV: shika Baiolojia, Kemia, Fizikia na Hisabati. Usiikimbie Hisabati! Kiingereza nacho ni muhimu, maana ndicho kinachotumika vyuoni.
• Kidato cha V–VI: PCB, CBG au PCM. Ada katika shule za serikali ilifutwa 2022.
• Shahada ya kwanza: bayoteknolojia ipo Sokoine (Morogoro) na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uhandisi wa vifaa tiba upo Muhimbili.
• Hujafika kidato cha V? DIT na Chuo cha Ufundi Arusha hutoa stashahada za vifaa tiba. Ukifaulu vizuri unaweza kuendelea juu.
• Uzamili: kwa kawaida miaka 2. Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, ina kitivo cha sayansi za viumbe na uhandisi wa kibiolojia. Unasoma, kisha unafanya utafiti wako mwenyewe na kuandika tasnifu.

Na pesa? Kwa shahada ya kwanza, omba Bodi ya Mikopo. Wanaoongoza masomo ya sayansi kidato cha VI wana Samia Skolashipu, iliyoanza 2022. Kwa uzamili, wengi hupata ufadhili kupitia mradi wa utafiti. Kwa hiyo ukiwa chuoni usisubiri: omba mafunzo kazini mapema.

Dada zetu, msikubali kuambiwa Fizikia ni ya wavulana. Jeni haijui hilo.

ZINGATIA: Mbu mpya bado yuko maabara, lakini malaria iko nyumbani leo. Lala ndani ya chandarua. Ukipata homa, kapime siku hiyo hiyo. Usinywe dawa kwa kubahatisha.

JADILINI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini chanjo ifaulu Idete ishindwe kwingine?
2. Mikanda ya katani itasaidiaje watu wanaolala shambani kulinda mpunga?
3. Gawanyikeni makundi mawili, moja likubali na jingine likatae mbu waliobadilishwa kuachiwa kijijini kwenu. Kila kundi litoe sababu tatu na maswali matatu kwa watafiti.