Impeesa: Mbwa Mwitu au Fisi?

Mtoto wa jirani hapa Shari amejiunga na skauti mwaka huu. Jioni moja alinijia na daftari lake: "Yaya, Baden-Powell aliitwa Impeesa, ni kusema mbwa mwitu asiyelala. Hiyo ni lugha gani?" Nilimjibu kwamba ni Kindebele. Lakini tafsiri hiyo ilinitia shaka, na makala hii inaeleza kwa nini.

Robert Baden-Powell alizaliwa London mwaka 1857, akawa afisa wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1907 alifanya kambi ya majaribio ya wavulana katika kisiwa cha Brownsea, na mwaka 1908 akatoa kitabu kilichoeneza uskauti duniani. Mwaka 1938 alihamia Nyeri, Kenya, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941.

Jina Impeesa, kwa maelezo yake mwenyewe, alipewa na Wandebele katika vita vya mwaka 1896, katika Zimbabwe ya leo. Tahajia hiyo ni ya Kiingereza. Kindebele huandika *impisi*. Tulinganishe:

Kindebele na Kizulu: *impisi*
Kiganda na Kinyoro: *empisi*
Kikikuyu: *hiti*
Kiswahili: *fisi*

Kufanana huku si bahati. Sauti *p* ya Kibantu cha kale imekuwa *h* katika Kikikuyu. Katika Kiswahili imekuwa *f* mbele ya *i* fulani ya kale, lakini ikabaki *p* kwingine, kama katika kitenzi *-pa*. Basi maneno haya yote ni ya ukoo mmoja, na yote humtaja fisi. Tena katika *impisi* mna kiambishi cha ngeli na shina tu: hamna kitenzi cha kulala, wala ukanushi.

Mbwa mwitu ametoka wapi? Walowezi wa Kiholanzi kule kusini walizoea kumwita fisi kwa neno lao la mbwa mwitu. Huenda tafsiri ilipita njia hiyo. Lakini "asiyelala" imeongezwa.

Hapa wenzangu darasani hucheka: kumbe alitukanwa! Mimi sikubali haraka hivyo. Kwetu waongeao Kiswahili fisi ni mlafi na mwoga, lakini ulinganisho wa sauti unathibitisha undugu wa maneno tu. Hauthibitishi kwamba Wandebele walimdharau mnyama huyo kama sisi. Fisi pia ni mnyama anayezunguka usiku, na Baden-Powell alikuwa mpelelezi wa usiku. Vilevile, katika vita hivyohivyo, Uwini, chifu aliyetekwa, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi, akapigwa risasi kwa idhini ya Baden-Powell. Jina alilopewa mtu kama huyo laweza kubeba sifa, hofu au chuki. Ili kujua, ingebidi kuwasikia waliolitamka. Sisi tumepokea sauti ya aliyeitwa tu.

Hilo ndilo funzo kwetu tunaosoma lugha za Kiafrika: tukikuta neno letu limefasiriwa kitabuni, tuulize nani alifasiri, na kwa faida ya nani.

Yule mtoto nilimwambia asifute alichoandika. Aongeze chini yake: "Impisi ni fisi. Mbwa mwitu ni tafsiri ya mwenye jina."