Kutafuta Rekodi Zilizojirudia kwa SQL

Tarehe 20 Julai 2024, uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulizinduliwa mkoani Kigoma. Kujiandikisha zaidi ya mara moja ni kosa kisheria. Daftari halisi hulinganisha alama za vidole. Wewe kwenye mtihani utalinganisha data za jedwali.

Chunguza jedwali hili la mfano, WAKAZI:

| namba | jina | kuzaliwa | kata |
|---|---|---|---|
| 1 | Asha Juma | 1990-03-12 | Gungu |
| 2 | Neema Bakari | 1988-07-05 | Mwanga Kusini |
| 3 | Asha Juma | 1990-03-12 | Kibirizi |
| 4 | Asha Juma | 2001-11-20 | Gungu |

Ulizo

SELECT jina, kuzaliwa, COUNT(*) AS idadi
FROM wakazi
GROUP BY jina, kuzaliwa
HAVING COUNT(*) > 1;

Jibu: Asha Juma, 1990-03-12, idadi 2.

Maelezo

(a) GROUP BY hukusanya katika kundi moja rekodi zenye jina na tarehe zinazofanana.

(b) COUNT(*) huhesabu rekodi za kila kundi.

(c) HAVING hubakiza makundi yenye rekodi zaidi ya moja. Usiandike WHERE COUNT(*) > 1: WHERE huchuja rekodi kabla ya makundi kuundwa, HAVING huchuja makundi yenyewe.

Chagua safu kwa makini

Ukitumia jina peke yake, idadi itakuwa 3, na Asha wa mwaka 2001 ataingizwa kimakosa. Ukifuta rekodi yake, umemnyima haki raia asiye na kosa. Ukiongeza kata, hutapata kitu, kwa sababu rekodi 1 na 3 zina kata tofauti. Huenda mtu huyo alihama Gungu kwenda Kibirizi. Ukitumia namba pia hutapata kitu, kwani ni ufunguo msingi na haujirudii.

Kumbuka: ulizo huonyesha rekodi za kutiliwa shaka tu. Watu wawili wanaweza kufanana jina na tarehe ya kuzaliwa. Hakiki kwanza, ndipo utumie DELETE.

Maswali ya kujipima

1. Andika ulizo la kuonyesha kata zenye mkazi zaidi ya mmoja. Taja jibu lake.
2. Kwa nini SELECT DISTINCT jina haitoshi kubaini rekodi zilizojirudia?
3. Karani mmoja ameandika "Asha Juma", mwingine "Asha J." Eleza kwa nini ulizo la hapo juu halitazikamata rekodi hizo mbili.