Somo juu ya Kopo la Dawa ya Kupuliza na Moto wa Nyumba

Hapa Masisi na Walikale wengi wetu twalijua kopo la dawa ya mbu, lile la bati ambalo ukibonyeza kichwa chake hutoa dawa kama ukungu. Liko pia kopo la manukato, la dawa ya nywele na la rangi. Makopo haya yana faida. Lakini yafaa tujifunze mambo mawili: jinsi yanavyoeneza moto, na jinsi ya kuyatazama baada ya moto, tusije tukamshtaki mtu asiye na kosa.

1. Ndani ya kopo mna nini?

Kopo la dawa ya wadudu la namna hii lilitengenezwa na Wamarekani wawili, Lyle Goodhue na William Sullivan, wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, ili askari wajikinge na mbu wa malaria. Siku hizo gesi iliyosukuma dawa nje haikushika moto. Baadaye wataalamu waligundua kwamba gesi ile yaharibu ozoni, ambayo juu angani hutukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalipatana huko Montreal, Kanada, kuipunguza, na hatimaye ikaachwa. Mahali pake makopo mengi hutiwa propani na butani, gesi zile zile za kupikia. Basi anayeshika kopo hilo ameshika mtungi mdogo wa gesi.

Gesi hiyo imebanwa hata imekuwa maji. Ikipata joto hutanuka na kusukuma bati kwa nguvu. Ndiyo sababu imeandikwa juu ya kopo kwamba lisipate joto kupita digrii 50, lisitobolewe wala lisitupwe motoni, hata likiisha. Kopo tunaloliita tupu bado lina gesi.

2. Jinsi linavyoeneza moto

Njia ya kwanza: ukungu wake ukikuta moto wa mbabula, taa au mshumaa, huwaka mara moja na kumuunguza uso na mikono yule anayepuliza.

Njia ya pili: gesi yake ni nzito kuliko hewa. Hutambaa chini, isionekane, hata ifike penye moto. Mvuke wa petroli nao hutambaa vivyo hivyo. Wengi wetu twakumbuka Sange, katika Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010. Lori la petroli lilipinduka, watu wakaja kuteka mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka. Watu zaidi ya 230 walikufa, na baadhi yao walikuwa ndani ya nyumba wakitazama mpira.

Njia ya tatu: kopo likizungukwa na moto hupasuka kwa mlio mkubwa, hutoa mwali, tena huruka mbali. Tarehe 21 Juni 1982, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ghala kubwa la kampuni ya Kmart liliungua. Sanduku la makopo ya dawa ya kusafishia kabureta lilianguka, makopo yakavuja, gesi ikashika moto. Makopo mengine yakaruka yakiwaka, yakapita penye milango ya kuta zilizojengwa kuzuia moto. Ghala likateketea, ingawa lilikuwa na mabomba ya maji ya kuzimia moto.

Kama kuta zile hazikuzuia, je, paa la nyasi litazuia? Je, hema za plastiki zilizosongamana?

3. Baada ya moto, tazama kabla ya kusema

Nchi yetu imesikia bunduki nyingi. Nyumba ikiungua na mlio ukasikika, wengine husema, "Ni bomu, jirani ametulipiza kisasi." Wengine husema ni uchawi, na mara nyingi anayetajwa ni mama mzee au mtoto yatima. Ndugu, jihadharini. Kumtaja mtu kwa jambo ambalo hamkuliona ni ushuhuda wa uongo. Tena sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda watoto, inamwadhibu anayemshtaki mtoto kwa uchawi.

Fanyeni hivi:

(a) Ulizeni kipi kilitangulia, mlio au moto. Kama moto ulionekana kwanza, yaelekea kopo lilipashwa na moto uliokwisha kuwapo.

(b) Tazameni kitako cha kopo. Kwa kawaida kimebonyea ndani. Kikiwa kimevimba nje au kimeng'oka, ni alama kwamba gesi ilisukuma kutoka ndani kwa sababu ya joto. Alama hiyo haisemi nani aliwasha moto.

(c) Msidhani moto ulianza pale kopo lilipookotwa, maana kopo huruka. Tafuteni mahali palipokuwa na mbabula, taa, waya wa umeme au betri.

(d) Kopo likiokotwa ndani ya mbabula, au mtu akiungua uso na mikono alipokuwa akipuliza, hapo huenda kopo ndilo lililoanzisha moto. Hata hivyo wasikilizeni mashahidi.

(e) Msifagie majivu kabla shefu wa kijiji na polisi hawajayaona.

4. Jinsi ya kujikinga

Zima moto wote kabla ya kupuliza dawa, kisha fungua mlango na madirisha, ungoje harufu iishe. Weka kopo mbali na jiko, na mbali na jua kali. Usilitupe katika shimo la taka zinazochomwa. Usiwape watoto makopo kuwa michezo. Ukisikia makopo yakilia ndani ya nyumba inayowaka, rudisha watu nyuma. Mali isikuvute kuingia. Na kwa mbu, chandarua ni kinga njema isiyohitaji gesi.

5. Mtu akiungua

Mwondoe penye moto. Vua pete, bangili na nguo zisizogandamana na ngozi. Mwagia jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20, lakini mwili mwingine ufunike usipatwe na baridi, hasa mtoto. Usipake dawa ya meno, mafuta, majivu wala asali. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke kituo cha afya. Aliyeungua uso, au ambaye sauti yake imekwaruza, apelekwe hospitali upesi, maana koo laweza kuvimba na kuziba pumzi.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini kopo "tupu" ni hatari bado?
2. Moto ulionekana kwanza, mlio ukafuata. Twajifunza nini?
3. Jirani akisema mtoto fulani ameleta moto kwa uchawi, utamjibu nini?
4. Leo jioni, kopo lako liko wapi nyumbani? Nenda ukalitazame.