MAHAME YA GEDE NA SOMO LA KISIMA

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Ndugu msomaji, kabla sijakueleza tulichokiona sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili katika ziara yetu ya Pwani, hebu tuanze na neno lenyewe. Neno "mahame" linatokana na kitenzi hama. Gofu ni jengo lililobomoka; mahame ni kijiji au mji mzima ambao wenyewe waliuacha ukabaki pweke. Sisi tunaozungumza Kikamba tusilione neno hili kuwa geni. Kuhama kwetu ni kuthama, na kisima ni kithima. Sauti ndiyo iliyobadilika, ukoo ni ule ule. Yashike maneno hayo mawili, kuhama na kisima, kwa maana habari yote imo ndani yake.

SAFARI

Tuliondoka Wote siku ya Ijumaa asubuhi, tukashika barabara kuu ya Mombasa pale Emali, tukapita Makindu, Mtito Andei na Voi. Usiku huo tulilala katika shule moja mjini Mombasa. Jumamosi alfajiri na mapema tulivuka daraja la Nyali, kisha la Mtwapa, kisha la Kilifi. Baada ya kilomita 100 hivi, msitu wa Arabuko-Sokoke ukiwa upande wetu wa kushoto, tulikata kulia kuelekea Watamu. Punde si punde tukawa langoni mwa Gede, au Gedi kama wengine wanavyoandika.

Mzee mmoja mwongoza wageni alitupokea kwa bashasha. "Karibuni, wanangu. Mmetoka mbali. Hapa tutatembea polepole, na mawe hayapandwi." Mwalimu wetu akamjibu, "Shikamoo mzee. Hawa ni wako leo, wafundishe." Nasi sote tukaamkia kwa pamoja.

MJI ULIVYOKUWA

Gede ulikuwa mji wa Waswahili. Ulianza karne ya 12 hivi, ukastawi sana katika karne ya 15, na mapema katika karne ya 17 ulikuwa umekwisha kuachwa. Ukuta wa nje ulizunguka eneo la ekari 45 hivi. Humo mna Msikiti Mkuu, jumba la mfalme, nyumba za matajiri na makaburi yenye minara. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 kwa kalenda tuliyoizoea.

John Kirk, balozi wa Uingereza kule Unguja, aliutembelea mwaka 1884, nao ulikuwa umemezwa na msitu. Mwaka 1948 James Kirkman alianza kuchimbua na kusafisha, kazi iliyoendelea hadi 1958. Nyumba alizozifukua zilipewa majina kutokana na vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Vyombo vya kaure vya Uchina navyo vilipatikana. Fikiria, bakuli lililofinyangwa Uchina likasafiri baharini hadi likapakuliwa chakula hapa Gede!

Nilichokistaajabia zaidi si utajiri huo. Ni usafi. Nyumba zile zina vyoo, mahali pa kuogea na mifereji ya kutoa maji. Mwenzangu mmoja alininong'oneza, "Bana, hawa watu walikuwa wametushinda!" Mimi nikawaza: basi maji mengi kiasi hiki yalitoka wapi? Bahari iko mbali, kilomita 6 hivi, na hata ingekuwa karibu, nani hunywa maji ya chumvi?

Jambo jingine: nyumba tunazoziona zilikuwa za wenye nacho. Wengi waliishi katika nyumba za udongo na makuti, nazo hazikuacha hata tofali. Kwa hiyo anayetazama mawe peke yake ameona nusu ya mji.

KISIMANI

Mzee alitupeleka kando ya Msikiti Mkuu, akasimama penye kisima. Mmoja wetu akauliza swali lililokuwa midomoni mwetu sote. "Mzee, hawa watu walienda wapi?"

"Walihama."

"Mbona wahame na nyumba nzuri hivi?"

Mzee akatuambia kwamba wataalamu hutoa sababu kadhaa. Wako wanaotaja Wazimba, waliopanda Pwani wakipiga miji mnamo 1589. Wako wanaotaja Waoromo waliokuwa wakisukuma kuja kusini. Wako wanaosema biashara iliharibika Wareno walipoingia, na hasa pale mtawala wa Malindi alipohamia Mombasa baada ya 1593. "Lakini tazameni kisima hiki," akasema. "Waliochimbua waliona kwamba kiliongezwa kina. Maji yalikuwa yakishuka."

Wageni wengine huenda husikia maneno hayo wakapita. Sisi hatukupita. Msichana mmoja kutoka Kitui alisema mara moja, "Mzee, hiyo sisi tunaijua. Kwetu ukiona watu wanaongeza kina cha kisima, jua maji yameanza kuwatoroka." Mzee akacheka, akamwambia, "Basi leo wewe ndiye mwalimu, mimi mwanafunzi."

Kwa maoni yangu, hilo ndilo somo kubwa la Gede. Adui ukiweza utampiga. Biashara ikiharibika utalima. Lakini kisima kikikauka, ukuta wa jiwe na bakuli la Uchina havikupi hata kikombe kimoja.

TUNARUDI NYUMBANI

Wakamba wanaijua habari ya kuhama. Baadhi ya wazee wetu wa zamani walifika Rabai na Kwale wakikimbia njaa, na wajukuu wao wako huko mpaka leo. Je, sisi tuliobaki tunavitunza visima vyetu?

Mito yetu mingi, kama Kaiti, Thwake, Tiva na Thua, ni mito ya mchanga. Juu ni pakavu, lakini ukichimba unakuta maji. Mchanga ni kama mtungi: unayaficha maji, jua lisiyafikie. Lori likija likachota mchanga kwenda kujengea majumba mjini, limebeba na mtungi wetu. Mvua inayofuata inapita juu ya mwamba na kwenda zake, na visima vya kando ya mto vinashuka. Ndiyo sababu Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Ndiyo sababu pia akina mama na vikundi vya mwethya hujenga mabwawa ya mchanga: ukuta unakinga mto, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanabaki.

Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji wa Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni heshima kubwa. Hata hivyo, mimi sitaki kijiji chetu kiheshimiwe kwa njia hiyo. Heri kisijulikane na mtu, mradi kina maji na watoto wanacheza.

MSAMIATI TULIOUOKOTA

Tumbawe (matumbawe): jiwe la baharini lililojengewa kuta za Gede.
Chokaa: unga mweupe wa mawe yaliyochomwa, wa kupaka na kujengea.
Boriti: mti wa kubebea dari, Pwani hukatwa mikokoni.
Kidaka: tundu ndani ya ukuta la kuwekea taa au vyombo.
Mihrabu: sehemu ya msikiti inayoonyesha kibla, anaposimama imamu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Eleza tofauti baina ya gofu na mahame.
2. Taja sababu nne zinazotolewa kuhusu kuhamwa kwa Gede. Ipi ina uzito zaidi kwako, na kwa nini?
3. Tafuta maneno matatu zaidi ya Kiswahili na ya lugha ya kwenu yanayofanana kama kisima na kithima.
4. Mwulize mzee wa kijijini kwenu kisima chenu kilikuwa na kina gani alipokuwa kijana, na leo kina kina gani. Majibu tuleteeni chamani.