SOMO LA LEO: KIJIKO CHAKAVU BADO KINA KAZI

Juzi mama mmoja, mhitimu wa darasa letu la jioni hapa Gongo la Mboto, alikuja na kifurushi cha vijiko na uma za zamani alizorithi kwa shangazi yake. Mnunuzi wa vyuma chakavu alimwambia, "Mama, hizo takataka tu, nipe zote kwa buku." Jirani naye akamwambia, "Usiuze! Hiyo ni fedha tupu, utajenga nyumba." Mama akaniuliza, "Mwalimu, nani mkweli?"

Nikamjibu, "Mama, wewe unajua kusoma. Geuza kijiko, kitasema chenyewe."

Akageuza, akasoma polepole: E, P, N, S. Basi sote tukajifunza.

1. Soma mgongo wa kijiko

Vijiko vingi vina alama mgongoni, kwenye mpini.

(a) 925. Hii ni fedha. Katika kila sehemu 1,000 za madini hayo, sehemu 925 ni fedha na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Usiiuze kwa bei ya chuma. Mpelekee sonara, tena wawili au watatu, ulinganishe bei.
(b) EPNS. Si fedha tupu. Ndani ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Juu umepakwa fedha nyembamba.
(c) 18/8 au 18/10. Ni chuma kisichoshika kutu. Namba ya kwanza ni asilimia ya kromiamu, ya pili ni ya nikeli.

Kama hakuna alama, tumia sumaku. Kikinasa, kina chuma ndani. Kisiponasa, usishangilie upesi: alumini hainasi, wala shaba, wala EPNS. Alumini utaitambua kwa wepesi wake mkononi.

Basi mnunuzi hakusema kweli, na jirani naye hakusema kweli. Asiyejua kusoma alama huamini anayepiga kelele zaidi.

2. Kazi mpya kwa chombo cha zamani

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili. Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye mwaka 1780, ilitumika sana Unguja na Omani. Masonara waliyeyusha riale wakafua bangili na vikuku. Sisi hatuna riale, lakini tuna vijiko.

- Kijiko: hamishia miche ya nyanya na mchicha kutoka kitaluni. Kinaingia chini ya mizizi bila kuikata.
- Uma: tifulia udongo kati ya miche midogo, mahali ambapo jembe haliwezi kupita.
- Ndoano: bana mpini wa kijiko kwenye jiliwa, ukunje taratibu kwa koleo. Fundi wa kuchomelea akutobolee matundu mawili kwa drili. Piga msasa kingo, kisha gongomelea ukutani. Tundika funguo au taulo.
- Sufuria iliyotoboka: jaza udongo na samadi, panda mchicha. Yale matundu yatatoa maji yaliyozidi.

3. Ukiamua kuuza

Usiuze kwa kukisia. Tenga kila aina peke yake, kwa maana bei hazilingani. Dai mzani, na usome mwenyewe. Tuseme bei ni shilingi 500 kwa kilo, nawe una kilo 3 na nusu:

500 x 3 = 1,500
Nusu ya 500 = 250
Jumla = shilingi 1,750

Ukipewa buku, umepunjwa shilingi 750.

4. Hatari

Usiyeyushe vyuma jikoni kwako. Mabati yenye zinki yakiungua hutoa moshi unaoleta homa. Betri ya gari ina risasi, na risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Sufuria iliyofuliwa kwa vyuma vya kuchanganya inaweza kuwa na risasi hiyo.

Lakini hatari kubwa sisi wa huku tunaijua. Usiku wa tarehe 16 Februari, 2011, mabomu yalilipuka katika kambi ya jeshi hapa Gongo la Mboto. Mengine yaliruka mpaka kwenye makazi ya watu. Zaidi ya watu 20 walikufa, na maelfu wakakimbia nyumba zao. Kabla ya hapo, tarehe 29 Aprili, 2009, yalilipuka ya Mbagala. Bomu linaweza kulala ardhini miaka mingi bado lina nguvu. Kwa hiyo mwambie mwanao anayeokota vyuma: kitu usichokijua usikiguse, usikigonge, usikipeleke kwenye mzani. Weka alama kwa mbali, kisha toa taarifa serikali ya mtaa au polisi. Kilo moja ya chuma hailingani na mkono wa mtoto.

Yule mama hakuuza. Vijiko viwili vipo bustanini, vitatu vimekuwa ndoano, na vilivyobaki anavila wali siku ya sikukuu.

Maswali ya kujadiliana
1. Geuza vijiko vya nyumbani kwako. Umesoma alama gani?
2. Kwa nini sumaku peke yake haitoshi kutambua fedha?
3. Kilo 4 na robo kwa shilingi 600 kila kilo ni shilingi ngapi?
4. Mtoto akileta chuma asichokijua, utafanya nini?