Kikundi Kikitaka Kununua Kompyuta, Kimuulize Nani?



Katika soko la mifugo la Garsen mtu hanunui mtamba kwa maneno ya dalali peke yake. Humtafuta mzee ajuaye mifugo, asiyelipwa na muuzaji, amtazamie meno, macho na miguu. Lakini kikundi kikitaka kompyuta ya kuwekea hesabu na kupigia chapa barua za watu, kijana mmoja hupewa pesa aende Malindi au Mombasa, arudi na chochote alichouziwa. Kwa nini?

Tuseme mko watu 20, na kila mmoja huweka shilingi 200 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 48,000. Hizo ni kuku na maembe ya watu. Mashine ikifa baada ya miezi 3, maneno huanza, na kikundi chaweza kuvunjika.

Mwenye duka asiwe mshauri wenu wa kwanza. Hata akiwa mwaminifu, atawashauri mnunue kilichoko kwenye rafu yake. Nendeni kwa wanaoishi na mashine hizi kila siku katika joto na vumbi letu: karani wa shule ya sekondari, mwenye kibanda cha kupiga chapa na kutoa kopi, fundi anayezitengeneza. Muulizeni kila mmoja peke yake, maswali yale yale, katibu akiandika. Mashine yako uliinunua mwaka gani? Kitu gani kiliharibika kwanza? Nani aliitengeneza, na ilichukua siku ngapi? Ungekuwa na pesa leo ungenunua ile ile? Watatu wakisema neno moja, lishikeni. Na fundi akianza, "Chukueni hii, kuna rafiki yangu anayo," basi naye amegeuka dalali. Mshauri mzuri, kabla hajataja jina la kompyuta yoyote, atauliza mnataka kuifanyia kazi gani na umeme wenu ni wa namna gani.

Huo umeme ni jambo kubwa kwetu. Laptopu hula kama wati 30 hadi 65. Ya mezani pamoja na kioo chake mara nyingi hupita 100. Wenye sola wataielewa hesabu hiyo haraka. Tena ya mezani, stima ikipotea, huzimika palepale pamoja na kazi ambayo hamjaihifadhi.

Kuna lingine ambalo muuzaji huenda asiwaambie. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubaliki rasmi kwa Windows 11. Basi msishangae mkiziona sekondi hendi kwa bei rahisi. Si kwamba ni mbovu. Zikiwekwa Linux, ambayo ni ya bure, zaweza kufanya barua na hesabu vizuri, mradi mpate mtu wa kuwaonyesha. Lakini mjue mnanunua nini, na bei ishuke.

Dukani waende wawili au watatu, na wasione haya kukaa. Kama ni laptopu iliyotumika, iwasheni nusu saa bila chaja. Bonyezeni kila herufi, chomekeni flashi kila tundu. Kama ni ya Windows, mwambieni muuzaji aandike amri hii: powercfg /batteryreport. Itatoa ripoti yenye nguvu ya betri ilipokuwa mpya na nguvu iliyobaki. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya sasa ni 20,000, betri imebaki na sehemu 2 kwa 5. Ulizeni pia kama diski ni SSD: hiyo haina kinachozunguka ndani, hivyo hustahimili mtikisiko wa barabara kuliko ile ya zamani.

Gharanti nayo, ulizeni inatekelezwa wapi. Malindi ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen. Nauli za kwenda na kurudi zaweza kuimaliza faida yake. Risiti iandikwe jina la kikundi, si la aliyetumwa, pamoja na namba ya mashine. Na tangazo la kwenye simu lisiwafanye mtume M-Pesa kabla hamjaishika mashine kwa mikono.

Kwa mkutano wenu ujao: tajeni watu watatu mnaoweza kuwauliza kabla ya kununua. Kisha mweka hazina aulize juu ya kila mmoja: huyu atapata chochote tukinunua?