Mvua Hutoka Wapi?

Ndugu msomaji, huenda siku moja mtoto wako atarudi kutoka shuleni na kukuuliza: "Baba, mwalimu amesema mvua ni maji ya bahari yaliyopanda juu. Mbona wewe wasema mvua huletwa na Mungu?" Wazazi wengine hukaripia, wengine hunyamaza. Yote mawili hayafai. Mtoto akikaripiwa atadhani dini yaogopa elimu. Akinyamaziwa atadhani dini haina jibu. Basi na tujifunze pamoja naye.

Tia maji na chumvi katika sufuria, isijae, uifunike na kuiweka juu ya moto mdogo. Baada ya muda utaona matone upande wa ndani wa mfuniko. Yakipoa, mpe mtoto ayaonje: hayana chumvi. Maji yamepanda yakiwa mvuke, chumvi imebaki chini, na mvuke ulipogusa mfuniko uliopoa zaidi ukageuka tena kuwa maji.

Ndivyo ilivyo duniani. Kadiri ya asilimia 97 ya maji yote ya dunia yamo baharini, nayo ni ya chumvi. Jua huyapasha moto, na mvuke usioonekana hupanda. Huko juu hewa ni baridi, kama wajuavyo wapandao Kilimanjaro, ambao huacha joto bondeni na kukuta barafu kileleni. Hapo mvuke hujishika katika chembe ndogo za vumbi na chumvi ukawa matone madogo mno, na hayo ndiyo mawingu. Pepo huyachukua hata bara. Matone yakiungana na kuwa mazito, huanguka. Maji mengine hutiririka mitoni hata baharini, mengine huzama ardhini na kutokea katika chemchemi, na safari huanza upya.

Sasa tuitazame Qurani Tukufu. Katika Sura An-Nur (24:44, Bismillahi ikihesabiwa aya ya kwanza) Mwenyezi Mungu anatuelekeza tuangalie jinsi ayasukumavyo mawingu, akayaunganisha na kuyarundika, hata mvua ikatoka kati yake. Na katika Sura Az-Zumar (39:22) yaelezwa ya kuwa maji yateremshwayo kutoka juu ndiyo yapitishwayo ardhini yakawa chemchemi. Jambo hili si dogo. Kwa karne nyingi wanazuoni wengi wa Ulaya walidhani kwamba chemchemi hupata maji yake baharini kwa njia za chini ya ardhi. Mwaka 1674 Mfaransa Pierre Perrault alitoa hesabu zake juu ya mto Seine, akaonyesha kwamba mvua inyeshayo sehemu ya juu ya mto huo yapita mara sita maji yatiririkayo humo.

Labda mtu atasema: "Ikiwa sababu zajulikana, Mungu ana kazi gani?" Barua huandikwa kwa kalamu. Je, aijuaye kalamu amemkana mwandishi? Kosa ni kukipa chombo heshima ya mwenyewe. Huko Hudaibiya, mwaka 628, mvua ilinyesha usiku. Baada ya Sala ya alfajiri Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. aliwafahamisha masahaba kwamba asemaye amepata mvua kwa fadhili za Mungu amemwamini Mungu, na asemaye ameipata kwa nyota fulani ameiamini nyota. Nawe uliyelelewa katika desturi ya kuwaendea waganga wa mvua, lifikiri neno hili: mganga hawezi kuumba hata tone moja. Mvua ikikawia, Islam yatufundisha kusimama katika Sala na kumwomba Aliyeziumba bahari na jua.

Tena kuna mvua nyingine. Katika hotuba yake iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896, Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alifananisha akili ya binadamu na maji ya ardhini, na ufunuo na maji ya mbinguni: mvua ikikatika kwa muda mrefu, hata visima hukauka. Ewe mtafuta haki, ukikiona kisima cha nyumbani kikipungua wakati wa kiangazi, uuangalie na moyo wako. Mungu asiyeiacha ardhi iliyokufa bila mvua, ataziachaje roho za watu bila mjumbe?

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye imani, na imani isiyoogopa elimu. Amin.